Shairi la Madigadi

Wahakiki wetu wameyasoma maandishi ya malori na mabasi kwa njia moja tu. Wanayanakili daftarini, wanayapanga kwa mada, dini huku, mapenzi kule, wivu na riziki pembeni, kisha wanayajadili kana kwamba ni methali zilizopotea njia. Nina ugomvi na daftari hilo. Maneno yaliyochorwa nyuma ya lori hayakutungwa yasomwe mezani. Yalitungwa kwa ajili ya aliyesimama kando ya lami au anayefuata nyuma na gari lake, na kwa vyovyote kuna kinachokwenda: ama maandishi, ama msomaji, ama wote wawili. Ukiyasimamisha umeliondoa umbo lenyewe, umebaki na maudhui.

Pa kulichunguza umbo hilo ni Mbozi, mkoani Songwe, ambako barabara ya TANZAM iliyoanzia Dar es Salaam inakaribia mpaka wa Tunduma, na malori ya Zambia na Kongo hayakatiki usiku na mchana. Mtu wa Mbozi Mission akija barabara kuu kutafuta usafiri anakutana na usomaji wa aina tofauti kabisa na ule uliokipa kijiji chake jina. Wamoravian, wakiwa na mmisionari Traugott Bachmann, walifungua kituo hapo mwaka 1899, na mwaka 1913 Agano Jipya likachapwa kwa Kinyiha. Hapo ndipo macho ya Mbozi yalipozoezwa ukurasa. Katika ukurasa maandishi yametulia, jicho ndilo linalohangaika. Tangu mwaka 1879, kutokana na kazi ya Émile Javal na wenzake jijini Paris, inajulikana kwamba jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari bila kukatika. Linatua, linaruka, linatua tena.

Sababu ni kwamba sehemu ya jicho inayoona herufi sawasawa ni finyu mno. Nyoosha mkono: ukucha wa kidole gumba unaifunika karibu yote. Kwa hiyo jicho linatua kwa robo sekunde hivi, linanyakua herufi saba au nane, linaruka. Na wakati wa kuruka halioni kitu cha maana. Ubongo unaizima picha. Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kushoto kisha la kulia. Hutayaona macho yako yakisogea hata kidogo, ilhali aliye kando yako anayaona waziwazi. Upo pia mwendo wa pili, wa kufuata taratibu bila kuruka, lakini huo haupatikani kwa kutaka tu. Pitisha macho ukutani polepole, yatarukaruka. Mwombe mtu akupitishie kalamu mbele ya uso, yatateleza nayo.

Sasa tumweke msomaji wetu kando ya lami. Lori linapita kijijini kwa kilomita 50 kwa saa, mita 4 kutoka aliposimama. Likiwa sambamba naye, ubavu wake unapita machoni kwa kasi ya digrii 200 hivi kwa sekunde. Jicho linafuata vizuri hadi kama digrii 30; likijikaza sana, 100. Ubavu basi hausomeki, ni rangi iliyokokotwa. Lakini lori likishampita kwa mita 10 tu, kasi hiyo imeshuka chini ya digrii 30, na likifika mita 25 ni digrii 5. Jicho limelikamata. Kuanzia mita 10 hadi kama mita 50, ambako herufi za kimo cha kiganja zinaanza kuhitaji macho makali, kuna sekunde tatu. Hizo sekunde tatu ndizo bahari ya shairi hili, na kila uamuzi wa mchoraji unapimwa nazo.

Tuchukue msemo ambao kila mtu anaujua, HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, uliogawanywa kwenye madigadi, ile mipira miwili inayoning'inia nyuma ya matairi: kipande cha kwanza kushoto, cha pili kulia. Ukiuhesabu kwa kanuni za darasani, una mizani sita kwa sita, na vina vya kati na vya mwisho ni -ka. Ni mshororo kamili wenye ukwapi na utao, mfupi kuliko ule wa nane kwa nane tuliouzoea katika tarbia. Darasa linaishia hapo. Barabarani kuna zaidi. HARAKA ya pili haisomwi. Jicho lililokwisha kuijua ya kwanza linaikisia na kuiruka, kama linavyoruka maneno yanayotabirika kitabuni. Takriri hapa haikuwekwa kwa ajili ya mkazo. Ni nafuu: inaufanya mshororo usikike mrefu bila kumgharimu msomaji muda ambao hana.

Halafu kuna lile pengo la kati. Kwenye karatasi, ukwapi na utao hutenganishwa na mkato, na msomaji anapumua. Nyuma ya lori vinatenganishwa na ekseli, taa na namba ya gari, karibu mita mbili. Jicho lazima liruke, na likiruka halioni. Pumziko la shairi na upofu wa jicho vinakaa mahali pamoja. Kisha lori linazidi kwenda. Likiwa mita 25 vipande hivyo vimeachana kwa zaidi ya digrii 4 na mruko ni wa lazima; likikaribia mita 50, pengo limebaki kama digrii 2, na mshororo mzima unakaribia kuingia katika mtuo mmoja wa jicho. Vipande vinasogeleana vyenyewe kadiri mwandishi anavyomkimbia msomaji. Sijui utanzu mwingine wa Kiswahili ambamo kina cha kati na cha mwisho hufanya hivyo.

Mbele ya gari kanuni ni nyingine. Juu ya kioo huandikwa neno moja, aghalabu jina, kwa sababu kinachokuja hakipiti machoni, kinakua. Kutoka mita 200 hadi 100 neno linakuwa kubwa mara mbili. Kutoka 100 hadi 50, mara mbili tena, ila kwa nusu ya muda. Ukuaji huo ndio tunaoutumia kujua gari liko karibu kiasi gani kabla ya kuvuka. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi wanashindwa kuutambua vizuri gari likizidi kama kilomita 32 kwa saa. Kwa hiyo sipendi jina la mbele liwe na madoido. Linadai jicho ambalo lina kazi nyingine wakati huo.

Ubavu, tulioukuta hausomeki, unapata haki yake basi linaposimama Mlowo au Vwawa. Ndiyo maana picha kubwa zimewekwa huko: simba, mchezaji mpira, tai. Mrusi Alfred Yarbus alionyesha miaka ya 1960 kwamba njia ya macho juu ya picha moja hubadilika kulingana na swali aliloulizwa mtazamaji. Muuza karanga anatazama madirisha, mtoto anatazama meno ya simba, abiria makini anatazama matairi. Sina zaidi la kusema juu ya ubavu. Hauna ugumu, na sanaa isiyo na ugumu mara nyingi hulegea.

Msomaji wa mwisho ni dereva anayefuata nyuma. Kwake maandishi hayaendi popote. Mlimani, gia nzito, hakuna nafasi ya kulipita lori la mbele, msemo umesimama tuli machoni pake kilomita nzima huku lami, migomba na mikahawa vikitiririka pande zote. Akisimama kwenye foleni ya Tunduma, lami iliyokuwa ikimjia inaweza kuonekana ikimkimbia, mazigazi yaleyale ambayo Robert Addams aliyaeleza mwaka 1834 baada ya kukodolea maporomoko ya maji ya Foyers huko Scotland. Msomaji huyu ana muda wa kuchoka. Mchoraji hodari anampa nyongeza: mstari wa herufi ndogo chini ya bodi, ambao aliye kando ya lami hawezi kuuona, na mara nyingi ni huo unaoujibu mshororo mkubwa au kuukejeli.

Mchora mabango wa brashi aliyaelewa haya yote bila digrii. Herufi nyeupe, kivuli cheusi au chekundu upande mmoja tu, ili ukingo ubaki imara gari likitikisika. Stika za siku hizi, zenye picha nyuma ya maneno na rangi zinazoyeyukiana, zinatungwa kwenye kompyuta, mbele ya fundi aliyeketi nusu mita kutoka kwenye kioo, na kwa umbali huo zinapendeza kweli. Kwa mita 25 ni doa.