Tarbia ya Madumu Manne

Tangi langu la samaki lina ujazo wa lita 80. Dumu la njano tunalochotea maji hapa Kampala lina lita 20. Tangi zima basi ni madumu manne, na kila Jumamosi asubuhi natoa dumu moja na kurudisha dumu moja. Aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ataikumbuka tarbia mara moja: mishororo minne, mizani iliyopimwa, na mshororo mmoja unaorudi mwisho wa kila ubeti. Nataka kulisoma tangi hili kama ninavyosoma utungo, nikianza na fani yake, kwa kuwa nimeona watu wakipoteza samaki huku wakisugua na kuosha bila kuchoka. Bidii wanayo. Kilichowaponyoka ni muundo.

Tuanze na mandhari. Kampala imekaa juu ya vilima, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku sebule yetu hapa Kansanga hupoa hadi mtu akatafuta sweta. Samaki dhahabu, ambaye asili yake ni Uchina na ambaye hupendelea maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi, huishi hapa bila kifaa cha kupasha maji joto. Joto la mchana likizidi kidogo, hustahimili. Joto la Mombasa au Dar es Salaam lingemchosha. Lakini mwinuko nao una gharama yake. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji hubeba oksijeni pungufu. Kwa hiyo yale mapovu ya pampu ya hewa, ambayo mgeni huyaona kama pambo, yamebeba uhai wa utungo mzima. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, nachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, mara nyingi, ili uso wa maji uvunjike na kuvuta hewa.

Wahusika ni akina nani? Jicho la haraka litawataja samaki wawili wenye mikia kama shela. Hao ndio wanaoonekana, lakini msuko hausukumwi nao peke yao. Samaki dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachokula hupita, naye huomba tena. Kile anachokula huishia kuwa amonia, ambayo huitoa hasa kwa matamvua, na amonia hiyo ni sumu kwake mwenyewe. Hapo ndipo wanapoingia wahusika wasioonekana: bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Yatazame maneno hayo mawili. Yanatenganishwa na irabu moja tu, *i* na *a*, na katika irabu hiyo samaki huishi au hufa. Nitriti huinyima damu yake uwezo wa kubeba oksijeni. Nitrati huvumilika, mradi isiachwe ijae. Bakteria hao hujijenga kwa wiki nne hadi sita, wakijishikiza kwenye changarawe na hasa kwenye sponji ya chujio. Sponji hiyo ya kahawia, yenye utelezi, ambayo mwenye nyumba nadhifu huitazama kwa kinyaa, ndiyo kitovu cha utungo.

Sasa muundo wenyewe. Katika tarbia, mishororo mitatu hubadilika kila ubeti na mmoja, kibwagizo, hurudi. Tangi limeipindua kanuni hiyo: mshororo mmoja hubadilika, mitatu hubaki. Robo moja ya maji ni mpya. Robo tatu, pamoja na changarawe na sponji, ndiyo kibwagizo. Tuipime kwa hesabu. Tuseme nitrati huongezeka miligramu 10 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha robo ya maji kila Jumamosi, haitapanda bila kikomo. Itafika mahali ambapo hupanda hadi 40, hushuka hadi 30, hupanda tena, hushuka tena. Huo ni mdundo, na samaki huuzoea kama sikio linavyozoea mizani. Kinachomvunja ni mrukio wa ghafla.

Hata hivyo mhakiki mwaminifu huonyesha pale mfano wake unapolegea. Mshororo wa shairi hutoka mzima, ilhali dumu ninalotoa limechanganya maji ya wiki zote zilizopita. Baada ya Jumamosi 10, ndani ya zile lita 80 bado zimo kama lita 4 na nusu za maji ya siku ya kwanza. Nayaona haya kuwa ndiyo uzuri wa ndani zaidi wa fani hii: hakuna siku inayofutwa yote kwa mkupuo.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa hilo la kufuta. Mwezi wa pili maji yaliingia rangi ya chai, nami nikaona aibu mbele ya wageni. Nikamwaga yote, nikasugua changarawe kwa sabuni, nikaikamua sponji chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe, nikajaza maji mapya papo hapo. Jioni hiyo tangi liling'aa kama kioo cha dukani. Siku chache baadaye samaki walikuwa juu wakihema, na mmoja akafa ndani ya maji meupe kabisa. Wahenga walisema, *uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi*. Ihesabu methali hiyo: mizani nane, kisha nane, kina cha *si* katikati na *si* mwishoni. Ni mshororo kamili wa tarbia, na umeshika kosa langu barabara. Nilisoma uso. Amonia haina rangi, na weupe wa maji hauna ushahidi wowote juu ya usalama wake.

Tangu hapo utaratibu wangu ni mmoja. Ijumaa jioni namimina dumu la maji ya bomba kwenye ndoo yenye mdomo mpana na kuiacha wazi hadi kesho yake. Maji hayo hutoka ziwani kupitia mitambo ya Ggaba, husukumwa hadi matangi ya kilima cha Muyenga, ambacho wakazi hukiita Tank Hill kwa ajili hiyo, kisha huteremka majumbani. Yametiwa klorini, ambayo hutukinga na kipindupindu kwa kuua vijidudu, na haiwezi kuwachagua bakteria wangu iwaache. Kuyaacha wazi usiku kucha huitoa klorini, na huyafanya maji yawe na baridi ileile ya tangi. Jumamosi nanyonya uchafu wa chini ya changarawe kwa mpira mwembamba mpaka lita 20 zitimie. Ndani ya maji hayohayo yaliyotoka naikamua sponji mara mbili tatu, kwa upole, nairudisha. Kioo cha mbele nakifuta kwa kitambaa kisichojua sabuni. Vingine sivigusi.

Fani hii ina historia. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London alieleza jaribio lake la kuweka samaki dhahabu wawili pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Majani yaliyooza yaliyachafua maji. Badala ya kuyaondoa yote kwa mkono, aliongeza konokono wakayala, na maji yakatulia. Alitibu kasoro ya utungo kwa kuongeza mhusika.

Na Kampala inayo tarbia kubwa kuliko yangu. Mfereji wa Nakivubo huyabeba maji machafu ya mji, yakiwemo yale yanayotoka mtambo wa majitaka wa Bugolobi, na kuyaingiza kwenye kinamasi cha mafunjo kabla hayajafika Ghuba ya Murchison ya ziwa hilohilo. Mizizi ya mafunjo na bakteria wake hufanya kazi ileile ya sponji yangu. Kilomita chache tu kutoka hapo ndipo Ggaba inapovuta maji tunayokunywa. Kinamasi hicho kimekatwa kwa mashamba ya magimbi na majengo, na kila kipande kinachoondoka huzidisha kazi na gharama ya kusafisha maji. Wanaokifyeka hukiita uchafu, kama nilivyoiita sponji yangu.

Ndiyo maana dumu la Jumamosi silimwagi mferejini, kwa kuwa mifereji ya upande wetu huteremkia ziwani. Nalibeba hadi nyuma ya nyumba, kwenye mgomba. Nitrati iliyokuwa mzigo kwa samaki ni mbolea kwake. Namimina polepole kuzunguka shina, udongo unanywa, kisha narudi ndani kuwasha pampu.