Tabora Inaidai Filamu Yake

Katika filamu ya Vuta N'kuvute, Yasmin hatangazi siku aliyogeuka. Ni binti wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 1950, aliyeozwa mume mzee kisha akamkimbia. Akiwa kwa rafiki yake Mwajuma, mwimba taarabu, anajuana na Denge, kijana anayewindwa na askari wa Mwingereza kwa ajili ya siasa zake. Aliyeikimbia ndoa anajikuta, kidogo kidogo, ndani ya mapambano ya nchi nzima. Shafi Adam Shafi, katika riwaya yake ya mwaka 1999, alikuwa na kurasa tele za kutueleza binti huyu anawaza nini. Mwongozaji Amil Shivji hana kurasa. Ana uso, mwanga na kimya cha pumzi mbili tatu kabla ya jibu, na humo humo lazima tuione hofu ikihama. Huo ndio ufundi ninaousifu. Mwigizaji akizidisha machozi, kazi imeharibika. Mhariri akiharakisha kukata picha, hatukuona kitu. Mwaka 2021 filamu hii ilioneshwa katika tamasha la Toronto, na ilistahili.

Nami Mnyamwezi wa Tabora, kila nikiitazama nawawaza watu wa huku, ambao nao wanastahili filamu ya namna hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita kwetu, ikibeba pembe za ndovu na watumwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe alitoza misafara hiyo hongo, yaani ushuru wa kupita, na kunufaika nayo. Filamu ya kweli isimfichie hilo. Wajerumani walipotaka nchi iwe yao, alikataa. Januari 1893, askari wakiongozwa na Tom Prince walipoivunja ngome yake, alijilipua kwa baruti. Mwongozaji mvivu atatupa moto na moshi. Mimi nautaka usiku wa kuamkia siku ile: mtawala aliyezoea kupatana bei na kila mgeni anafikaje mahali ambapo hakuna tena bei?

Kisha kuna Januari 1958, mkutano wa TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru, hapa hapa mjini. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walikuja wamekasirika, wakitaka uchaguzi ususiwe. Nyerere, kiongozi wao aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, akawageuza kwa maneno matupu. Hakuna bunduki wala gereza. Ni watu wanaomeza hasira yao ili waishinde serikali kwa kanuni zake yenyewe. Kuigiza jambo hilo ni kugumu kuliko kuigiza vita. Lakini mwana-TANU mwenzao, Zuberi Mtemvu, hakugeuka. Alitoka akaunda chama chake. Namwomba mwongozaji atakayekuja asimfanye adui wa hadithi. Ampe muda ule ule wa kamera anaompa Nyerere, maana naye alikuwa akiikataa dola ile ile, na siku ile hakuna aliyejua nani angeonekana mwenye busara.