Hapana Tatu katika Barua Moja

Mariama Bâ alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi. Alizaliwa Senegal mwaka 1929, akasomea ualimu huko Rufisque, na mwaka 1979 akatoa riwaya ambayo sisi tunaisoma kwa jina la Barua Ndefu kama Hii. Mwaka 1980 ikapata Tuzo ya Noma, ya kwanza kutolewa, na mwaka 1981 mwenyewe akafariki dunia.

Madarasani riwaya hii hufundishwa kama kitabu cha kulaumu mitala, na mitala kweli imo. Lakini mimi nimeishi miaka mingi katika chuo cha ualimu, nikiwaona wasichana wa miaka 19 na 20 wakiandamwa na wanaume wasiowataka. Kwa macho hayo nakiona humo kitabu kingine. Kinauliza mwanamke hukataaje, na nani humsikia anapokataa. Wanaotakwa humo ni wengi, lakini nitachukua hapana tatu tu, ambazo zikiwekwa pamoja hufundisha jambo ambalo hakuna hata moja inayolifundisha peke yake.

Ya kwanza ni ya Ramatoulaye kwa Tamsir, kaka wa marehemu mumewe. Arobaini imepita, mjane bado yumo edani. Tamsir anaingia na Imamu pamoja na Mawdo, rafiki wa marehemu, kisha anatangaza kwamba eda ikiisha atamwoa. Haulizi, anatoa taarifa. Kila Mwislamu anajua kwamba mwanamke aliye edani haposwi waziwazi, na hata hivyo kiongozi wa dini ameketi hapo hapo. Ramatoulaye, aliyenyamaza miaka mingi, anakataa mbele ya wote watatu, kwa maneno ambayo hayaachi mlango hata wa kupitisha sindano. Tazama sasa ustadi wa mwandishi. Imamu anachukizwa na ulimi wa mjane, wala hachukizwi na tamaa ya Tamsir. Ndivyo ilivyo hata kwetu: anayesumbua husamehewa, anayekataa kusumbuliwa huambiwa hana adabu.

Ya pili ni kwa Daouda Dieng, daktari na mbunge, aliyempenda Ramatoulaye tangu ujana wao. Huyu ana heshima, anakuja kwa upole, na anampa muda wa kufikiri. Ramatoulaye anamjibu kwa barua. Anamweleza kwamba kumstahi mtu si kumpenda, na kwamba yeye aliyeachwa kwa ajili ya mwanamke mwingine hawezi kuingia kati ya Daouda na mkewe. Barua inapelekwa na Farmata, ambaye anadhani amebeba habari njema. Jibu la Daouda ni fupi: ama yote, ama basi. Haji tena.

Wanafunzi wengi humwona Daouda kuwa na kiburi, kwani ameukataa hata urafiki. Mimi namtetea. Tofauti yake na Tamsir haimo katika kiasi cha mapenzi. Imo katika alichofanya baada ya kusikia hapana. Aliumia, akaondoka. Hakutuma wajumbe, hakumvizia njiani, hakumchafua jina. Kijana wa kiume anayetaka kujua mwanaume kamili anakataliwaje, na asome ukurasa huo mara mbili.

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Binetou ni mwanafunzi, rafiki wa binti wa Ramatoulaye, anayejiandaa kwa mtihani wa kumaliza sekondari. Mzee mwenye gari na fedha anamwandama kwa magauni mazuri. Msichana anasitasita, na rafiki yake anamshauri amkatae. Lakini mama yake anataka kutoka katika umaskini, na mzee ameahidi nyumba na safari ya Makka. Binetou anaondolewa shuleni, anaozwa. Mzee huyo ni Modou, mume wa Ramatoulaye. Hapana ya Binetou haikushindwa kwa kuwa ilisemwa kwa sauti ndogo. Ilishindwa kwa sababu nyumba nzima ilikuwa upande wa mwandamaji.

Hapa ndipo nguvu ya riwaya ilipo. Ramatoulaye ana mshahara wa ualimu, ana nyumba, ana umri. Hapana yake imesimama juu ya nguzo. Binetou hana nguzo hata moja. Kwa hiyo anayewaambia wasichana "kuweni na msimamo" kisha akanyamaza, amesema nusu tu ya maneno.

Lakini pana upungufu pia. Mariama Bâ anatuonyesha wanaume wanaoondoka. Hatuonyeshi yule anayerudi siku ya tatu, na ya kumi, akiwa na zawadi mkono mmoja na vitisho mkono wa pili. Huyo ndiye niliyemjua chuoni. Wasichana waliokuja ofisini niliwaambia hivi: Sema mara moja, kwa sentensi fupi, bila kutoa sababu, maana kila sababu ataijibu. Usiseme "labda baadaye" ili kumtuliza. Zawadi irudi siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Usikubali kukutana naye faragha "kwa mara ya mwisho tuelewane". Barua zake zitunze, usizichome. Kisha mwambie mtu mzima mwenye uwezo wa kutenda, na akikupuuza, mwambie mwingine.

Vijana wa kiume nao tuliwalisha methali bila kuwapa kipimo chake. Tuliwaambia mvumilivu hula mbivu, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hizo ni za kazi na elimu. Embe likivumiliwa huiva, lakini moyo wa mtu si embe. Mbona hatukuwafundisha kwamba akufukuzaye hakwambii toka? Na huyu amekwambia!

Mambo haya si ya vitabuni tu. Mwezi wa Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Nchi ilishtuka. Wanawake, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, walipaza sauti miaka mingi, hadi Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikautaja unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Sheria ni nguzo njema. Lakini sheria huitwa baada ya jambo kuharibika, na mwalimu yupo kabla.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukifika katika riwaya hii usiishie kwenye orodha ya dhamira. Waulize wanafunzi wako swali hili: kama Binetou angelikuja kwako Jumatatu asubuhi, akiwa na gauni asilolitaka ndani ya mfuko, wewe ungelikuwa upande wa nani? Kisha uwape muda wakutazame usoni, kwa maana jibu watalitafuta huko.