Mguu Uliojificha Chini ya Kiti

Shindano liliruhusu picha moja tu kwa kila mshiriki, na binti mmoja wa usharika wetu alikuwa nazo tatu. Zote zilikuwa kwenye simu ya kaka yake, ambayo ndiyo daftari lake la kuchorea. Mada ilikuwa huduma, mwisho wa kutuma ni Jumamosi usiku, na mshindi angepewa kompyuta mpakato. Alituomba sisi, mchungaji wake na walezi wa vijana, tumsaidie kuchagua. Tulidhani ni kazi ya robo saa baada ya ibada. Ilitushika siku tatu, na imetufunua namna tunavyozitazama picha za Bwana wetu.

Ya kwanza ilimwonyesha Yesu akitembea juu ya maji usiku. Nuru inatoka katika vazi lake, mawimbi yanang'aa kama fedha, kila unywele unaonekana. Wazee wa kanisa walipoiona walisema "Amina", nasi tulikuwa tayari kuituma pale pale. Kisha mama mmoja, mwalimu wa Shule ya Jumapili, akauliza: "Petro yuko wapi?" Binti alikuwa ametuambia habari hiyo ameitoa Mathayo 14, na humo kuna mtu anayezama. Tulitafuta. Kulikuwa na mashua, na ndani yake watu wasio na nyuso. Hakuna aliyezama, hakuna aliyeogopa. Binti akainama. "Baba Mchungaji, hii sikuichora. Niliandika sentensi moja, programu ya akili mnemba ikaitengeneza."

Hatukumkemea, maana watu wazima wamepita njia hiyo hiyo. Mwaka 2022 huko Colorado, Marekani, picha iliyotengenezwa kwa programu ya namna hiyo ilishinda katika kundi la sanaa ya kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo, na ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka uliofuata Boris Eldagsen, msanii wa Ujerumani, alishinda kwa picha ya aina hiyo katika shindano kubwa la upigaji picha, kisha akaikataa tuzo, akisema alitaka watu wajadili jambo hilo. Kwa upande wetu shida haikuwa chombo. Hata kidole juu ya kioo ni chombo. Kwanza, kusema "nimechora" kungekuwa uongo. Pili, na hili tulichelewa kuliona, picha ile ilikuwa tupu kwa sababu hakuna mtu aliyeamua chochote ndani yake. Petro hakuachwa kwa makusudi. Hakuwahi kufikiriwa.

Ya pili ilikuwa Mlima Kilimanjaro wakati wa machweo, na msalaba juu ya Kibo. Ameichora mwenyewe, na vizuri. Lakini tumekwisha kuiona kwenye kalenda na kwenye majalada ya kanda za kwaya. Na huduma iko wapi pale?

Ya tatu hatukuijali mwanzoni. Sakafu ya saruji, beseni la plastiki la bluu lenye ufa uliozibwa kwa kuyeyushwa, ndala mbili. Mwanamume ameinama, taulo kiunoni. Tunauona mgongo wake tu. Ameshika mguu wa mtu aliyeketi, mguu wenye magaga, vumbi likiwa limeingia katika kila mpasuko. Mguu wa pili umerudi nyuma chini ya kiti, kana kwamba unaona haya. Hapo ndipo tulipomkuta Petro aliyekosekana kwenye mashua. Katika Yohana 13 anakataa kwa maneno. Huyu anakataa kwa vidole vya mguu.

Mzee mmoja alipinga. "Yesu hana uso. Watu watamjuaje?" Ni swali la haki. Tulimkumbusha Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Kristo ukutani katika kanisa la Kianglikana huko Murang'a, Kenya, na kuyaweka katika mandhari na sura za watu wa pale. Tukataja pia madhabahu ya mwaka 1547 katika kanisa la Mtakatifu Maria, Wittenberg, kazi ya karakana ya Cranach. Katika picha ya chini kabisa Luther yuko mimbarani, waumini upande wa pili, na kati yao Kristo msulubiwa mbele ya ukuta mtupu. Mchoraji hakuogopa ukuta mtupu, wala binti yetu hakuiogopa sakafu. Mzee hakushawishika kabisa, ila alisema beseni lile analijua.

Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wepesi zaidi. Mwaka 1518 huko Heidelberg, Luther alimtofautisha mwanatheolojia wa utukufu na yule wa msalaba, ambaye huita kitu kama kilivyo. Tunayafundisha hayo vyuoni, na bado tulipoonyeshwa nuru nyingi tukaitika "Amina".

Hata hivyo kuna jambo lililotunyima usingizi. Waamuzi wa mashindano haya huanza kwa kuona picha nyingi ndogo ndogo kwenye ukurasa mmoja. Tulizipunguza zote tatu hadi ukubwa wa stempu. Mlima ulibaki mlima. Beseni likawa doa la bluu. Huenda asingeshinda kwa picha ile, na kompyuta ile ilikuwa kitu kikubwa nyumbani kwao. Je, tuna haki ya kumshauri mtoto wa mwenzetu apoteze zawadi kwa ajili ya theolojia yetu? Tulimweleza yote waziwazi, hata habari ya stempu, tukamwambia achague mwenyewe.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Mlima sijawahi kuupanda. Hii ni miguu ya mama."

Ilibaki kasoro moja: kidole gumba cha mkono ulioshika mguu kilikuwa kirefu mno. Baadhi yetu tulimwambia akiache, kinaonyesha ni kazi ya mkono. Leo tunaona hiyo ilikuwa huruma ya kivivu. Yeye hakutusikiliza. Jumamosi jioni alimketisha mama yake tena, kaka akashika mguu, na kwa saa nzima akafuta na kuchora upya. Picha ilitumwa saa nne usiku. Walikuwa bado wameketi hivyo hivyo mama alipouliza kama sasa anaweza kupewa beseni lake, maana vyombo vya chakula cha jioni havijaoshwa.