Diski Mpya, Fukusi Yuleyule

Barracuda, kampuni ya usalama wa mtandao, ilikosea tarehe 20 Mei 2023, na yote yaliyofuata, hata lile tangazo la 6 Juni la kutaka visanduku ving'olewe, ni malipo ya kosa la siku ile. Mliofuatilia mkasa wa ESG, visanduku vyake vya kuchuja barua pepe, mnakumbuka mfululizo wake. Tarehe 18 Mei kampuni iliona data ikitiririka isivyo kawaida kwenye visanduku hivyo, ikawaita wachunguzi wa uvamizi wa Mandiant. Kesho yake tundu likajulikana, CVE-2023-2868: kisanduku kilipokagua kiambatisho cha .tar, majina ya faili zilizomo yalipitishwa kwenye Perl bila kusafishwa, na jina likatekelezwa kama amri. Kulipata tundu lile upesi namna ile ni kazi safi. Kisha, tarehe 20, kiraka kikasambazwa kwa visanduku vyote duniani.

Kiraka hufunga mlango, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Kundi ambalo Mandiant waliliita UNC4841, wakalihusisha na China, lilikuwa likitumia tundu lile tangu angalau tarehe 10 Oktoba 2022. Miezi saba! Ndani ya visanduku vilivyoathirika tayari zilikuwapo SALTWATER, SEASPY na SEASIDE, programu hasidi zilizojificha kwa kuvaa sura za moduli na huduma za Barracuda yenyewe. Kwa kisanduku cha namna hiyo agizo sahihi la tarehe 20 lilikuwa neno moja: chomoa. Badala yake, kiraka kilifuatwa na skripti ya kudhibiti hali tarehe 21, na mashine ikaachwa kazini. Matokeo yanajulikana. Kati ya tarehe 22 na 24 Mei wavamizi walibadili zana zao na kuongeza mashambulizi dhidi ya wahanga katika nchi zisizopungua 16. Kuanzia tarehe 30 Mei wakapanda DEPTHCHARGE, ile ambayo CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, waliiita SUBMARINE, kwa wahanga waliowathamini zaidi. Agizo la kubadilisha vifaa, bila kujali vina kiraka kipi, lilitoka 6 Juni. Siku 17 zilipita kati ya kiraka na agizo hilo, na mvamizi alizitumia kuchimba mizizi. Kampuni ilitoa vifaa vipya bure, na hilo ni jema, lakini halirudishi siku hizo.

Najua pingamizi la kwanza. Asilimia 5 tu ya visanduku vilivyokuwa kazini vilionyesha dalili za kuvamiwa, na Barracuda ilisema haikuona kisanduku kipya kilichovamiwa kwa tundu lile baada ya kiraka. Nakubali: kwa asilimia 95 kiraka kilikuwa dawa. Ila mzima na mgonjwa hawatibiwi kwa chanjo moja. Kumwambia mgonjwa kwamba kiraka kimeshawekwa ni kumpa utulivu asiostahili kuwa nao. Pingamizi la pili ni la umbali. Ofisi iliyoko Nkoaranga au Usa River, huku Arusha, hailetewi kisanduku kesho asubuhi. Kuna ndege, kuna forodha, kuna wiki za kusubiri. Je, barua pepe zisimame muda wote huo? Hapana. Itifaki ya SMTP, inayosafirisha barua pepe, imejengwa kwa ajili ya siku kama hizo: seva ya mtumaji ikikosa wa kupokea huweka ujumbe kwenye foleni na kurudia kujaribu, na RFC 5321, waraka wa kanuni zake, inapendekeza isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Muda huo unatosha kabisa kubadili rekodi ya MX, ile inayoelekeza barua za ofisi ziende seva ipi, ili zipite njia nyingine. Gharama ya kuchomoa ilikuwa uvumilivu, na kwa kawaida barua zingefika.

Pingamizi la tatu ni la mafundi, nalo ndilo zito zaidi: ya nini kubadili kifaa kizima? Toa diski, weka mpya, pakia programu, rudisha bekapu, kazi imekwisha. Kwa diski iliyokufa kifo cha kawaida, utaratibu huo unafaa. Kwa diski iliyovamiwa ni hatari. Kwanza, penye RAID ya kioo, yaani diski mbili zinazobeba data ileile, diski mpya hunakiliwa kutoka kwa ile iliyobaki, na uchafu wote huhamia pamoja na data. Pili, DEPTHCHARGE ilikaa kwenye hifadhidata ya mipangilio, ikisubiri ndani ya triga ya MySQL, amri inayojiendesha yenyewe hifadhidata inapobadilika. Mwenye kifaa alipohamisha bekapu na kuirudisha kwenye mashine safi, alikuwa anampandisha mvamizi kwa mkono wake mwenyewe. Wanaolima migomba kwenye miteremko ya Meru wana adui wa tabia hiyo. Fukusi wa migomba hasafiri mbali kwa nguvu zake. Hubebwa ndani ya chipukizi linaloonekana zima hadi shamba jipya. Ndiyo maana tunguu la chipukizi humenywa na kutumbukizwa kwenye maji ya moto kabla ya kupandwa. Bekapu nayo imenywe: mipangilio iandikwe upya kwa mkono kutoka kwenye kumbukumbu za ofisi, na nywila na funguo za siri zote zilizopita kwenye kisanduku kile zibadilishwe.

Tatizo la msingi safu hii imelisema mara nyingi, na italisema tena. Tunanunua visanduku vya usalama ambavyo mwenye mali haruhusiwi kuvitazama ndani, huku logi zake zikikaa kwenye diski ileile anayoishika mvamizi. Mwaka 1986 Clifford Stoll, msimamizi wa kompyuta huko Marekani, akianza na hitilafu ya senti 75 kwenye hesabu za kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley, aliunganisha printa kwenye laini za mawasiliano na kuchapisha kila kitu mvamizi alichoandika. Karatasi ile haikufutika kwa amri yoyote, na njia ikafika hadi Hannover, Ujerumani. Simtaji ili milango ya wateja iachwe wazi. Namtaja kwa sababu alijua mgeni wake yuko wapi kabla ya kugusa kufuli, na kwa sababu ushahidi wake ulikaa nje ya mashine. Leo, kwa vifaa ghali mara nyingi zaidi, tumerudi nyuma yake.

Kwa hiyo fundi wa Arusha anayeshika bisibisi mbele ya kisanduku kilichovamiwa aanze na waya wa mtandao. Diski ya zamani aiweke kabatini: ni ushahidi, na kwa kuwa imebeba barua za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwenye ofisi hata baada ya diski kutolewa. Logi azipeleke kwenye seva nyingine tangu dakika ya kwanza. Na kabla ya kukaza skrubu ya mwisho ya diski mpya, aitazame faili anayotaka kuirudisha humo na kujiuliza ilitengenezwa lini. Kama ni baada ya mvamizi kuingia, aiache.