Njaa, Mlango na Kifaurongo: Kuisoma Upya Hadithi ya Kenna Wasike

Katika njia ya kushukia ufukoni huko Sudi, kusini mwa mji wa Lindi, huota mmea mdogo ambao watoto huuchokoza kwa vidole. Ukiguswa, majani yake hujikunja na kulala kana kwamba umekufa; baada ya dakika chache hufunguka tena. Huo ndio kifaurongo. Jina hilo ndilo alilolitumia Kenna Wasike katika hadithi fupi "Mapenzi ya Kifaurongo", iliyochapishwa mwaka 2016 katika mkusanyiko wa *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, kitabu kilichosomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya. Makala haya yanakusudia kuitazama hali inayotawala hadithi hiyo pamoja na taashira zake, kwa kuwa tunaona kwamba wengi huisoma kwa haraka, nasi tumekuwa miongoni mwao.

Kisa chenyewe ni chepesi. Dennis Machora, mwana wa maskini, yumo chuo kikuu. Siku moja anajipikia uji usio na sukari chumbani mwake, mara hodi inabishwa. Aliyekuja ni Penina, binti wa tajiri, naye ndiye anayetamka mapenzi kwanza. Dennis anasita, kisha anakubali. Baada ya masomo wanaishi pamoja kwa fedha za wazazi wa Penina. Kazi haipatikani, na Dennis anaposhindwa katika usaili, Penina anamfukuza.

Tulipowasimulia vijana wa Sudi hadithi hii, wengi wao wakiwa si wa dini yetu, tuliimaliza kama ilivyo desturi ya wahubiri: jihadharini na wasichana wa namna hiyo. Ndipo binti mmoja akauliza, "Mchungaji, na huyo Dennis, yeye alimpenda nani?" Hatukuwa na jibu. Swali lile lilitulazimisha kuirudia hadithi.

Tuliporudi, tuliona kwamba hali inayotawala si ya mapenzi bali ni ya njaa na aibu. Kabla neno la mapenzi halijatamkwa, msomaji amekwisha kuuonja ule uji. Penina anaingia mahali palipokosa sukari, na Dennis hana nafasi ya kupambanua kama anampenda msichana au anaipenda shibe. Hata katika siku za raha wasiwasi hauondoki. Mlango nao una maana yake. Chumba cha kwanza kilikuwa duni, lakini Dennis ndiye aliyekifungua. Nyumba ya pili ni nzuri, lakini mwenye uwezo wa kumtoa ni mwingine. Kwa upande wake, Penina hakumpenda mtu aliyekuwa akipika uji. Alimpenda mtu atakayekuwa na cheo. Cheo kilipokawia, hapakubaki wa kupendwa.

Mwanafunzi wa Maandiko hatakosa kumkumbuka Amnoni katika 2 Samweli 13. Huko pia kuna chakula, kuna mlango, na kuna kujifanya: Amnoni anajilaza kitandani kama mgonjwa ili Tamari amwandalie mikate. Baada ya kumtenda jeuri anamchukia kuliko alivyompenda, anaamuru atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake. Hatusemi kwamba makosa hayo ni sawa. Penina hakumnajisi mtu, na uovu wa Amnoni haupaswi kupunguzwa uzito kwa mfano wowote. Tunasema tu kwamba tamaa iliyojiita upendo inaweza kugeuka chuki kwa siku moja, kwa sababu tangu mwanzo haikumtazama mtu, ilitazama haja yake.

Tukirejea kwenye jina la hadithi, wengi hulifasiri kwa wepesi kuwa mapenzi ya uongo. Lakini kifaurongo hakijifanyi kuwa hai. Hujifanya kuwa kimekufa. Hapa ndipo tunapomlaumu mwandishi kidogo. Hadithi inafungwa majani yakiwa yamelala, na moyo wa Penina tunaonyeshwa kwa uchache mno, hata msomaji anashawishika kumhukumu kama tulivyomhukumu sisi. Hata hivyo taashira yenyewe inasema zaidi ya kisa. Kijana aliyekataliwa hujiona amekufa. Wengine hufikia hatua ya kutaka kufa kweli. Kazi ya mchungaji si kuongeza kidole juu ya jani lililojikunja, bali kusubiri karibu nalo.

Basi, binti yule wa Sudi anastahili jibu. Dennis alimpenda yule aliyemwondolea aibu ya uji wake, na jambo hilo si hila ya wasichana, ni njaa inayowapata vijana wote. Tukijaliwa kurudi, tutaisimulia hadithi hii upya, na safari hii tutaanzia kwenye uji.