Hongera Waorodheshaji

Pongezi kwa watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa makundi ya wasanii ya Nest Collective na SHIFT. Waliyaandikia makumbusho ya Ulaya na Marekani, wakaorodhesha vitu vya urithi wetu wa Kenya zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini bila orodha madai ya kuvirudisha hayana miguu.

Sisi wa Port Victoria tunaona kwa majirani: mwaka 1962, Uganda ikipata uhuru, Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, taya lake likiwemo. Vilitoka hekaluni, lakini vikarudishwa kwenye makumbusho ya taifa. Je, mwenyewe wa vitu hivyo ni ufalme wa Buganda au dola? Ili swali kama hilo lisitukute baadaye, orodha yetu nayo iletwe huku kwetu Bunyala na Samia, wazee waipitie kitu kwa kitu.